Munkoyo, yaurti na moyo mzito: je, tumbo linaweza kumsaidia mama?



Swali moja limekuwa likirudi katika mikutano ya vikundi vyetu vya siku ya posho. Wachuuzi wanapita mitaani, sokoni, na hata mlangoni mwa makanisa watu wakitoka ibadani, wanauza vidonge vinavyoitwa «probiotiki». Wanasema ndani yake mna bakteria wazuri wanaotengeneza tumbo, wanaoleta usingizi, na zaidi ya yote wanaoondoa mawazo. Chupa moja inauzwa kwa bei ambayo katika nyumba nyingi za hapa Kolwezi ni unga wa siku nyingi. Mama mmoja aliyejifungua miezi minne iliyopita aliinunua kwa pesa ya likelemba. Ndiye aliyetuuliza: je, ni kweli? Na kama ni kweli, si hata munkoyo wetu una wadudu hao hao?

Sisi walimu tunapenda swali la namna hii, maana lina sehemu mbili na majibu yake hayafanani. Tumesoma, tumeuliza wauguzi tunaowafahamu, na tumepika. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

Tuanze na neno lenyewe, mawazo. Hapa kwetu ni nadra mtu kusema «nimeshikwa na ugonjwa wa huzuni». Tunasema fulani ana mawazo, fulani anawaza sana. Na sababu za kuwaza hazikosi. Bwana yuko shimoni, hajulikani atapanda saa ngapi wala na nini mkononi. Kodi ya nyumba inapanda kila kampuni mpya inapofika. Vumbi la barabara ya malori linaingia hadi ndani ya sufuria. Mtoto analia usiku kucha. Basi akitokea mtu na kidonge kinachosema «utatulia», mama hatauliza maswali mengi. Hatumlaumu.

Sasa tumbo. Ndani ya utumbo wa kila mtu mzima mnaishi bakteria wengi mno. Wanasayansi waliohesabu upya mwaka 2016 walikadiria kwamba idadi yao inakaribia idadi ya chembe za mwili wetu wenyewe, na kwamba wote pamoja wana uzito wa gramu 200 hivi. Wengi hawana ubaya. Wanamalizia kazi ya kusaga chakula ambacho sisi hatukiwezi, hasa nyuzinyuzi za maharagwe, sombe na lengalenga. Wanatengeneza baadhi ya vitamini. Wanashika nafasi ili wadudu wa kuharisha wasipate pa kukaa. Darasani tunawaambia watoto wafikirie shamba: likijaa mahindi, magugu yanakosa mahali.

Kwamba tumbo na moyo vinasikilizana, hilo babu zetu hawakuhitaji maabara kulijua. Waswahili wa pwani wakimwona mtu mwenye wasiwasi wanasema ana tumbo joto. Mwanafunzi wa mwaka wa sita anakimbilia chooni asubuhi ya mtihani, na hajala kitu kibaya. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu, unaoitwa vagasi, unaotoka chini ya ubongo, unapita shingoni na kifuani, unafika tumboni. Habari nyingi zinazopita humo hazitoki juu kwenda chini, zinapanda kutoka tumboni kwenda kichwani. Tena utumbo ndio unaotengeneza karibu asilimia 90 ya serotonini yote ya mwili, kemikali ambayo dawa nyingi za ugonjwa wa huzuni zinaigusa.

Hapo ndipo wachuuzi wanaposhangilia. «Mnaona? Furaha inatengenezwa tumboni!» Lakini wanaacha nusu ya habari. Serotonini ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo. Inafanya kazi yake huko huko, kusukuma chakula na mambo mengine. Ubongo unatengeneza ya kwake. Kama bakteria wa tumbo wanaugusa moyo, wanapita njia nyingine: kwa mshipa ule wa vagasi, kwa kinga ya mwili, au kwa vitu vidogo wanavyovitoa wanapokula nyuzinyuzi. Njia zipo. Swali ni kama kikombe cha kitu kilichochacha kinaweza kuzipita na kumfikia mama.

Fikira hii si ya juzi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Mrusi Elie Metchnikoff, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur huko Paris na kupata tuzo ya Nobel mwaka 1908, alikuwa akiwahimiza watu wanywe maziwa yaliyochacha ili wazeeke polepole. Baada yake jambo lilipoa kwa miaka mingi. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliokuzwa bila bakteria yoyote tumboni wanashtuka kupita kiasi wakibanwa, na kwamba wakipewa bakteria fulani mapema wanatulia. Mwaka 2011 watafiti wa Ireland waliwapa panya bakteria mmoja wa jamii ya laktobasili. Panya wakapunguza woga. Walipoukata mshipa wa vagasi, faida ikatoweka. Habari hiyo ilisambaa dunia nzima, na tunafikiri nusu ya vidonge vinavyouzwa leo vinaishi kwa jina la panya wale.

Lakini kuna mwendelezo ambao mchuuzi hautaji. Mwaka 2017 bakteria yule yule alijaribiwa kwa wanaume 29 wenye afya. Hakuna kilichobadilika: si wasiwasi, si kumbukumbu, si msongo. Panya si mtu. Hatusemi hivyo kwa kubeza. Ndivyo watafiti wenyewe walivyoandika, na tunawaheshimu kwa kuandika.

Kwa wanawake, majaribio mawili yanatuhusu zaidi. La kwanza ni la Los Angeles, Marekani, 2013: wanawake 36 hivi waligawanywa, wengine wakanywa maziwa yaliyochachuliwa kwa bakteria maalumu mara mbili kwa siku kwa wiki nne, wengine maziwa ya kawaida, wengine hawakupewa kitu. Picha za ubongo zilionyesha kwamba walionywa yaliyochacha waliitikia kwa namna tofauti sura za watu wenye hasira na hofu. Kitu kimetokea kichwani, ni kweli. Lakini wanawake hao walikuwa wazima, na hakuna aliyesema kwamba wamekuwa na furaha zaidi.

La pili ni la New Zealand, na hilo lilitufanya tukae wima, maana ni la mama wazazi. Wanawake 423 walipewa kidonge kila siku tangu mimba ya wiki 14 hadi 16 mpaka miezi 6 baada ya kujifungua. Nusu kilikuwa na laktobasili, nusu hakikuwa na kitu, na wao hawakujua ni kipi. Matokeo yalitoka 2017: waliopewa bakteria walikuwa na dalili chache zaidi za huzuni na wasiwasi baada ya kuzaa. Habari njema. Isipokuwa utafiti ule ulianzishwa kwa ajili ya ugonjwa wa ngozi wa watoto, na maswali ya huzuni mama waliyajibu kwa kukumbuka nyuma. Utafiti mwingine wa nchi hiyo hiyo, uliotumia bakteria wengine kwa wajawazito wanene, haukuona tofauti yoyote ya moyo.

Sisi tunalihukumu jambo hivi: kuna kitu, ni kidogo, na hakijakamatwa vizuri. Mtu akikuuzia kwa uhakika, anakuuzia uhakika ambao hata wenye maabara hawana.

Sasa tuingie jikoni kwetu, ambako tuna mengi ya kusema.

Msomaji wa Bukavu angetuletea mashanza, Mkalenjini wa Kenya angetuletea mursik ndani ya kibuyu chake, Mtanzania togwa. Sisi wa Lualaba si watu wa ng'ombe. Chetu ni munkoyo, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, Zambia, wanacho vile vile na kwa jina lile lile. Kila mama anajua kukitengeneza, lakini watoto wetu wa mjini wanazidi kukijua kwa kukinunua tu ndani ya chupa ya plastiki, kwa hiyo tukieleze.

Unapika uji mwepesi wa mahindi, unaiva sawasawa, unauacha upoe hadi kidole kivumilie. Hapo unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa mpaka imekuwa kama kamba za katani. Ni mizizi ya mimea ya porini ya jamii ya maharagwe. Ukikoroga, uji uliokuwa mzito unalegea mbele ya macho yako na unakuwa mtamu ingawa hukutia sukari. Watoto wa darasa letu walidhani ni uchawi. Siyo: mzizi una kimeng'enya kinachokata wanga wa mahindi kuwa sukari, kazi ile ile ambayo mate yetu yanafanya tukitafuna bukari kwa muda mrefu. Kisha unaondoa mizizi, unafunika, unaacha usiku mmoja au mbili. Bakteria waliomo kwenye mizizi, kwenye kibuyu na hewani wanaila ile sukari na kutoa asidi. Ndiyo ule uchachu. Na uchachu huo ndio unaozuia wadudu wengi wabaya wasikue, hata kinywaji kinakaa bila friji.

Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinywaji vitatu vya Zambia: munkoyo, chibwantu na maziwa ya mabisi. Walikuta jamii za bakteria wa asidi ya maziwa ndani ya vyote, tena mchanganyiko ulitofautiana kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Kwa maneno mengine, munkoyo wa bibi yako si munkoyo wa jirani. Kila kibuyu kina ukoo wake.

Je, basi munkoyo ni probiotiki? Kwa neno kamili la wataalamu wa Umoja wa Mataifa, lililowekwa 2001, probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, vinaleta faida ya afya. Hai, wapo. Kiasi, huenda. Lakini faida lazima iwe imepimwa kwa bakteria anayejulikana kwa jina, na ukoo wa kibuyu haujulikani kwa jina. Kwa hiyo jibu la shule ni: ni chakula kilichochacha chenye bakteria hai, bado hakijaitwa probiotiki. Jibu la jikoni ni kwamba ni chakula kizuri, cha bei ndogo, ambacho mama anaweza kukifanya mwenyewe. Mwaka 2021, watafiti wa Stanford, Marekani, waliwalisha watu vyakula vilivyochacha kila siku kwa wiki 10, na wakaona aina za bakteria tumboni zikiongezeka na alama za uvimbe ndani ya damu zikipungua. Hawakutumia vidonge. Walitumia yaurti, mboga zilizochachuliwa na vinywaji vya uchachu, na walikula sana.

Tahadhari ya munkoyo ni tatu, na tunaomba msizipite. Ukikaa siku nyingi unageuka pombe. Ule mkali wa siku ya tatu na kuendelea si wa mjamzito wala wa mtoto. Mtoto wa chini ya miezi 6 ni titi peke yake, hakuna munkoyo, hakuna maji. Na maji: kinywaji hakichemshwi tena baada ya kuchacha, kwa hiyo maji machafu yakiongezwa mwishoni ili kukizidisha, kipindupindu kinaingia moja kwa moja ndani ya kikombe. Wanaouza kandokando ya barabara wanajua kukizidisha. Mjue mnanunua kwa nani. Kuhusu chupa za kiwandani zinazokaa dukani miezi: kinywaji kikipikwa baada ya kuchacha, bakteria wamekufa. Utamu umebaki, kalori zimebaki, hao waliotafutwa hawapo.

Yaurti nayo inawezekana hapa, hata kwa maziwa ya unga. Tumeifanya mara nyingi. Kwa lita 1 ya maji yaliyochemka tia maziwa ya unga kikombe kimoja kikubwa, koroga, pasha tena mpaka yaanze kutoa mvuke. Yaache yapoe hadi utumbukize kidole kisafi na kuhesabu kumi bila kuungua. Tia vijiko vitatu vya yaurti hai isiyo na sukari wala rangi, koroga taratibu, funika, funga sufuria ndani ya blanketi karibu na mbabula iliyokwisha kuzimwa, usiiguse saa 6 hadi 8. Weka pembeni vijiko vitatu kwa ajili ya kesho. Ukichanganya yaurti na kila kitu cha sukari ambacho watoto wanakiomba, umerudi kwenye soda.

Na hapa tunageuka kidogo kuzungumza juu ya mihogo, maana watu wanapouliza juu ya chakula cha kuchacha na ubongo, hakuna anayeitaja. Mihogo michungu inalowekwa majini siku tatu au zaidi kabla ya kuanikwa na kusagwa. Hiyo nayo ni kuchacha, na bakteria ndio wanaolainisha mzizi na kusaidia sumu ya sianidi itoke. Huko Kahemba, mkoa wa Kwango, barabara ya kwenda Kinshasa ilipofungua soko, watu walianza kupunguza siku za kuloweka ili wauze haraka, tena walikuwa wanakula mihogo karibu peke yake bila nyama, samaki wala maharagwe. Ukaingia konzo: mtoto au mama anaamka asubuhi, miguu imekakamaa, na haiponi. Watafiti wamekuta baadaye kwamba watoto wa huko hupungukiwa hata katika majaribio ya akili, pamoja na wale ambao miguu yao haijaguswa. Ikiwa mtu anatafuta chakula cha kuchacha ambacho uhusiano wake na kichwa cha mtoto ni wa hakika, asiende kwa mchuuzi wa vidonge. Aangalie ndoo ya mihogo, na asiitoe siku ya kwanza. Bakteria hao watakufa motoni wakati wa kusonga, na si neno; kazi yao wamekwisha kuifanya.

Kuna kikundi cha wamama tunachotaka mkifahamu, maana kinafanana na vyetu. Mwanza, Tanzania, mwaka 2004, kikundi cha wanawake kiitwacho Tukwamuane kilianza kutengeneza yaurti yenye bakteria mmoja aliyechunguzwa sana, laktobasili anayeitwa GR-1, kwa ushirikiano na chuo kikuu cha Western cha Kanada na taasisi ya utafiti wa tiba ya huko. Waliwalenga kwanza watu wenye virusi vya ukimwi na watoto wa mitaa yao. Bakteria alitoka maabara, lakini sufuria, maziwa, hesabu ya pesa na wateja vilikuwa mikononi mwa wamama. Jikoni za namna hiyo zikaenea baadaye hadi nchi jirani.

Kinachotugusa sisi wa mashimo ni utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa 2014. Wajawazito waliokula yaurti hiyo, iliyotiwa pia majani ya mlonge, hawakupanda sana katika zebaki na arseniki mwilini wakilinganishwa na ambao hawakuila. Kwa watoto wa shule tofauti haikuwa imara. Ilikuwa ni jaribio dogo. Tunalitaja kwa sababu mtu atalisikia na kulitangaza Kolwezi kama dawa ya vumbi la kobalti. Jaribio hilo halikuhusu ugonjwa wetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wameandika tangu 2009 juu ya kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaokaa karibu na machimbo, na 2018 wakaandika juu ya mtaa wetu wa Kasulo, ambako watoto ndio walioonekana kubeba zaidi. Kinga ya hilo ni kutochimba ndani ya uwanja wa nyumba, kutoingiza nguo za shimoni chumba cha mtoto, kuosha mboga kwa maji mengi, kufagia huku umenyunyiza maji. Yaurti haifagii vumbi.

Turudi kwa moyo. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 anapata shida ya afya ya akili baada ya kujifungua, zaidi ikiwa ni ugonjwa wa huzuni. Mkihesabu wenyewe katika kikundi chenu cha watu 20, mnaona ni wangapi. Siku chache za machozi baada ya kuzaa ni kawaida, zinapita. Lakini machozi yakizidi wiki mbili, mama halali hata mtoto akilala, hataki kula wala kuoga, hamwangalii mtoto, au anasema «ni heri nisingekuwepo», huyo ana ugonjwa, si uvivu wala laana ya upande wa bwana. Ana haja ya kituo cha afya. Wapo wanaopata dawa. Asiache dawa hizo kwa sababu mtu amempa kidonge cha bakteria au bidoni ya munkoyo. Na mtu mwenye kinga iliyoporomoka sana au mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake asipewe vidonge vya bakteria bila neno la dokta. Kwao hata bakteria mwema anaweza kuingia kwenye damu na kuleta hatari.

Jirani yetu Zimbabwe wana neno, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Tuliposoma tulicheka, ni «kuwaza sana» kwetu kabisa. Mwaka 2006 dokta wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, hakuwa na wauguzi wa kutosha huko Mbare, mtaa wa Harare, basi akafundisha bibi 14 waketi na wagonjwa juu ya benchi la mbao nje ya kliniki. Bibi anasikiliza, anasaidia mtu kuchagua shida moja kati ya zote, na kutafuta hatua moja ya kuifanya wiki hii. Walipima jambo hilo kwa watu 573, matokeo yakatoka 2016: baada ya miezi 6, kati ya waliokaa na bibi, karibu 14 kwa 100 walikuwa bado na dalili za ugonjwa wa huzuni, kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50 kwa 100. Hakuna yaurti wala kidonge chochote tulichosoma habari zake kinachokaribia tofauti hiyo.

Ndiyo sababu tunashuku kwamba munkoyo unamsaidia mama zaidi kwa namna unavyonywewa. Haupikwi kikombe kimoja. Anayepika anaita majirani, wanakaa kivulini, mzizi unapondwa huku habari zinatoka, na mtu ambaye hajatoka ndani siku tano analetewa mtungi mlangoni. Watafiti hawana mzani wa kutenganisha bakteria na maongezi. Sisi hatuoni sababu ya kuvitenganisha.

Kwa hiyo vikundi vinavyotaka kununua vile vidonge kwa pamoja, pendekezo letu ni kwamba pesa hiyo inunue maharagwe, mizizi na maziwa ya unga kwa mama waliojifungua karibuni, na kwamba wawili wampelekee kila wiki na wakae angalau saa moja. Maharagwe tunayataja makusudi. Watafiti wa Ireland waliojaribu 2022 kuwapa watu chakula cha kutuliza msongo hawakuwapa vitu vya uchachu peke yake. Vilikuwemo mboga, nafaka na jamii ya kunde, maana bakteria nao wanakula.

Mkifika kwake, muulizeni mambo mawili ambayo wakunga wa nchi nyingi wanayauliza. Mwezi huu, mara nyingi umejisikia umeshuka moyo au huna tumaini? Mwezi huu, mara nyingi vitu ulivyokuwa unavipenda havikuvutii tena? Akijibu ndiyo hata kwa moja, mmoja wenu aandamane naye kesho yake asubuhi hadi kituo cha afya, na mwingine abaki na mtoto mkubwa na sufuria ya maharagwe.